Kompyuta Iliyomuuliza Mama

Juzi niliingia kwenye duka la fotokopi huku Mabatini, umeme ukiwa umekatika. Uliporudi, kompyuta kuukuu ya mwenye duka ikaanza kunguruma, na feni yake ikapuliza harufu ya vumbi lililopata moto. Kuna watu ambao utoto wao unanukia maziwa ya kuchemka, au moshi wa kuni, au dagaa walioanikwa juani. Wangu unanukia hivyo, vumbi la kompyuta. Binti wa duka aliniuliza nataka nakala ngapi, akarudia, na mimi nikabaki kumkodolea macho tu, maana nilikuwa nimesharudi sebuleni kwetu, na mama alikuwa amekaa mbele ya kioo cha kompyuta, kanga yake imelowa kifuani.

Kompyuta yetu ilikuja nyumbani ikiwa imeshazeeka. Baba alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na ofisi ilipopata mpya aliruhusiwa kuichukua ile ya zamani. Ilipanda na mkokoteni hadi pale njia inapoishia, kisha baba na jirani wakaibeba mikononi kati ya miamba, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa juu kabisa mlimani, mahali ambapo hata ndoo ya maji ilifika nusu. Mama akaifumia kitambaa cheupe chenye maua ya bluu, kama alivyoifumia redio na viti vyote, na kuanzia siku hiyo ikawa mgeni wa heshima. Wadudu wa ziwani walipokuja na mawingu yao waliingia hadi katikati ya vitufe wakafia humo, na kazi yangu ya Jumapili ilikuwa kuwatoa kwa mswaki wa zamani. Kwa kazi hiyo nilijihesabu fundi wa pili wa nyumba, baada ya baba. Nilikuwa darasa la nne na kimbelembele changu kilijulikana mtaa mzima.

Kompyuta ile ilikuwa na tabia moja iliyonikera. Ukitaka kufuta kitu, haikukukubalia hivi hivi. Ilileta kidirisha katikati ya kioo na kukuuliza, kwa Kiingereza chake, kama una uhakika unataka kukifuta, na chini ya swali kulikuwa na vitufe viwili, cha Ndiyo na cha Hapana. Baba alinifafanulia siku ya kwanza kabisa.

“Inakuuliza kama una uhakika,” alisema. “Na ni vizuri. Kuuliza si ujinga.”

Mimi sikuona uzuri wowote. Darasani kwetu swali hilo lilikuwa na maana moja tu. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa akikusimamisha, unamjibu kwamba saba mara nane ni hamsini na sita, naye anakutazama juu ya miwani, fimbo ikiwa kwapani, anasema taratibu, “Una uhakika?” Hapo hapo hamsini na sita inakukimbia, unasema hamsini na nne. Darasa zima tulijua kwamba anayeulizwa hivyo amekosea, na njia ya kujiokoa ni kubadili jibu. Kumbe mwalimu alikuwa akitupima tu, lakini hilo nimelijua ukubwani, na hamsini na sita yangu ilishakwenda pamoja na viboko vyake.

Mwaka huo huo akazaliwa Masanja, mdogo wangu. Nilikuwa nimekaa peke yangu nyumbani miaka yote hiyo, nikiomba mdogo kama watoto wengine wanavyoomba baiskeli, na alipokuja nilimtangaza hadi kwa wauza maji. Alikuwa na kelele kidogo na njaa nyingi. Siku aliyobatizwa, baba aliazima kamera ya kazini, akampiga picha tisa, akaziingiza kwenye kompyuta ndani ya folda yenye jina lake. Ile ya kwanza ilizishinda zote. Alikuwa amefumbua macho, ngumi moja imenasa kwenye kofia, na alitutazama kama mtu anayedai maelezo.

Hakufikisha miezi minne. Homa ilimshika Jumatatu, na Alhamisi niliporudi kutoka shule nikakuta viatu vingi mlangoni.

Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Misungwi na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, begani, akashika usukani wa kila kitu. Sijui tungefanya nini bila yeye. Ndiye aliyempikia mama uji akamsimamia mpaka aumalize, ndiye aliyemkanda mgongo, ndiye aliyewafukuza kwa adabu wageni waliozidisha maneno. Nayasema haya mapema ili usije ukamchukia. Asubuhi ya siku ya tatu ya msiba aliwaita baba na mama mkekani. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchele, mikono kwenye ungo na masikio yote kwao.

“Mama Minza,” alisema Bibi, na Minza ndiye mimi, “vitu vya mtoto viondoke leo. Nguo, beseni, shuka, vyote. Vikibaki humu ndani wewe hutapona, na mwingine hatapata nafasi ya kuja. Sisi ndivyo tulivyofanya.”

“Sawa, mama,” alisema mama.

“Na zile picha mlizosema ziko kwenye mashine.”

Baba alikohoa kidogo. “Nazo zitaondoka, mama. Mama Minza atazifuta.”

Hakuna aliyemtazama mama usoni. Alisema “sawa, mama” kwa mara ya pili, akaamka, akaanza kukunja nguo. Mchana ule nguo za Masanja ziliteremka mlima kwa mwanamke mmoja aliyekuwa amejifungua, na beseni likaenda na majirani. Bibi alikaa nasi wiki mbili. Alipoondoka kuwahi palizi, alimwambia mama kwamba atarudi mpunga ukishavunwa, na akamkumbusha habari ya mashine.

Mama alikuwa akishona sare za shule pale pale sebuleni. Siku zile, kila niliporudi mchana, nilimkuta ameacha cherehani, ameondoa kitambaa kwenye kompyuta na kukikunja vizuri mapajani. Anafungua folda, anaichagua picha ya kwanza, anabonyeza kitufe cha kufuta. Swali linatokea. Basi anakaa nalo. Mara nyingine alikaa nalo hadi chai yangu ikapoa, midomo inatikisika bila sauti. Halafu anausogeza mshale kwenye Hapana, anabonyeza, anazima, anafunika. Kesho yake tena, vile vile, hatua kwa hatua. Na mara nyingi kanga yake ilikuwa na miduara miwili ya maji kifuani, nami nikaamini kwamba analia sana mpaka machozi yanafika huko. Sikujua kwamba ni maziwa, yalikuwa bado yanakuja kwa saa zile zile za Masanja, kwa kuwa hayakupewa habari.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Jibu sahihi lilikuwa limeshatolewa. Bibi alilitoa na baba akaliridhia, na mama kila siku alianza vizuri kabisa, akalibonyeza. Kisha mashine inamsimamisha na kumuuliza kama ana uhakika, naye anaogopa, anabadili jibu, anabaki analia. Nilimwonea huruma kuliko ninavyoweza kueleza. Nilikuwa nimebadili majibu mengi katika maisha yangu mafupi na nilijua inavyouma. Sikutaka Masanja afutwe, nisingekubali kama ungeniuliza hivyo. Nilitaka mama apone, na Bibi alikuwa amesema waziwazi ni nini kinachomzuia kupona.

Siku moja mama alipokwenda kupeleka sare kwa wateja, nikafunga mlango na kuondoa kitambaa. Nilikuwa nimemwona baba akichezea mambo ya ndani ya mashine, na nilichokiona mara moja sikukisahau. Nikaweka mshale juu ya alama ya pipa la taka, ambamo vilivyofutwa huwekwa kwanza, nikabonyeza upande wa kulia wa mausi, nikachagua neno la mwisho kabisa. Kikafunguka kidirisha chenye maneno mengi. Nikachukua kamusi ya baba na kuyafukua moja moja, ulimi nje, kwa muda ambao ungetosha kupika maharage. Sentensi ya chini ilikuwa na tiki, ikisema kwamba mtu ataulizwa kabla ya kitu kufutwa. Nikaitoa ile tiki. Juu yake kulikuwa na nyingine isiyo na tiki, ikisema kwamba vitu visipelekwe kwenye pipa bali viondolewe mara moja. Hapo nikafikiri. Bibi alisema visibaki humu ndani, na pipa nalo liko humu ndani. Nikaiwekea tiki. Nikakubali, nikazima, nikafunika, nikatoka kwenda kucheza rede, na siku ile hakuna aliyenilenga mpira ukanipata.

Kesho yake nilirudi mbio kutoka shule. Nilisimama mlangoni, mkoba bado mgongoni, nikimtazama mama kwa furaha ya mtu aliyeficha zawadi. Alifungua folda. Akaichagua picha ya kwanza, akabonyeza, akaweka mkono mapajani kungoja swali lake.

Swali halikuja. Picha zilisogea, ya pili ikakaa mahali pa ya kwanza, na mama, macho yamemjaa maji, akadhani kitufe hakikushika. Akaichagua ile iliyokuwa pale mbele, akabonyeza tena. Nayo ikaenda. Hapo akasogeza uso karibu na kioo, akatazama, kisha akainua mikono yote miwili kutoka kwenye vitufe.

“Minza,” aliita bila kugeuka. “Njoo uangalie hii. Mbona haijaniuliza?”

“Nimeliondoa swali, mama,” nikasema. “Haitakusumbua tena.”

Najiona hadi leo nilivyosimama pale, nimenyoosha shingo, nangoja kushukuriwa.

“Imekwenda wapi picha ya Masanja?”

“Imeondoka kabisa. Hata kwenye pipa haipo.”

Mama alizihesabu zilizobaki kwa kidole, moja moja, akigusa kioo. Saba. Akazihesabu tena. Ile ya macho wazi haikuwemo. Nilingoja kibao na hakikuja, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mama yangu hakuwa mtu wa kukopesha kibao. 

“Nani alikuambia lilikuwa linanisumbua?” aliniuliza.

“Ulikuwa unalia.”

“Nilikuwa nalia, ndiyo.” Alinivua mkoba, akanivuta karibu. “Minza, mwanangu. Tangu Masanja aondoke wameniambia kula, wameniambia lala, toa nguo, futa picha. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hiki tu ndicho kilichokuwa kinaniuliza. Kila siku kinaniuliza, na kila siku nakijibu.”

Nikaelewa. Si yote, nilikuwa mtoto, lakini nilielewa vya kutosha kiasi cha kuanza kulia, na nililia vibaya, kwa kwikwi, uso kwenye kanga yake iliyokuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha kidogo. Nilikuwa nimemfuta mdogo wangu kwa mkono wangu mwenyewe, na kamusi juu. Mama hakuniambia si kitu, maana si kweli kwamba haikuwa kitu. Alinishika tu kichwa hadi nikanyamaza.

Baba aliporudi akafungua pipa la taka na kulikuta tupu, kama nilivyolipangia. Akaibeba mashine hadi kwa fundi mmoja mjini. Fundi akakaa nayo siku mbili, akairudisha akitikisa kichwa. Jioni hiyo baba alinikalisha kando yake na kurudisha kila tiki mahali pake huku nikitazama. Hakunifokea. Alipomaliza, mkono ukiwa bado juu ya mausi, akasema, na si mimi niliyekuwa nikiambiwa, “Hata mimi sikumuuliza.” Mama alikuwa kwenye cherehani. Sindano ilisimama kidogo, ikaendelea.

Tangu hapo mama hakubonyeza tena kitufe kile. Aliendelea kufungua folda mchana, lakini sasa alitazama zile saba tu, halafu anafunga na kurudi kwenye kazi yake. Mimi nilijifunza kuweka chai yangu kando na kutazama naye. Hadi leo kila kompyuta ninayopewa kazini naiacha na swali lake, na vijana wanaozitengeneza hunicheka kwamba napoteza muda.

Mpunga ulivunwa, na Jumamosi moja Bibi akapanda mlima akiwa na mfuko wake.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umekua.”

Mama alipika ugali na sato wa nazi, tukala taratibu kuliko kawaida, kwa sababu sote watatu tulijua swali gani linakuja. Bibi aliosha mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja, akasema, “Zile picha za kwenye mashine, ziliondoka?”

Mbele ya Bibi, baba yangu alikuwa mtu wa tutaona na tunapanga. “Mama, tulikuwa tunapanga...”

“Hapana, mama,” alisema mama.

Sikuwa nimewahi kusikia mtu akimwambia Bibi hapana. Mama alikuwa amebeba sahani nne zilizopangana, nazo zikawa zinagongana mikononi mwake, lakini hakuziweka chini.

“Mbili zimeondoka kwa bahati mbaya,” alisema. “Zimebaki saba, na hizo hazitaondoka. Unisamehe, mama. Nilijaribu. Siwezi.”

Baba alitazama mkeka. Mimi nilidhani Bibi atachukua mfuko wake na kuteremka mlima mchana ule ule, na kwamba kosa lote litakuwa langu. Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami siku hiyo nilikuwa nimesahau kwamba Bibi naye ni mzazi.

“Nionyesheni,” alisema.

Baba akawasha. Mashine ikanguruma, ikachelewa kama desturi yake, na sote tukaingoja. Mama, sahani bado mikononi, akanielekeza kwa kidevu nifungue folda. Nikafungua picha iliyokuwa ya kwanza kati ya zile saba. Masanja alikuwa amelala juu ya kitenge, mdomo wazi nusu, na chini ya mdomo, katikati ya kidevu, kishimo kidogo cha kutoshea ncha ya kidole. Bibi alikuwa amempakata mara moja tu, siku ya ubatizo. Alisimama nyuma ya kiti akitazama, kisha akakizunguka akakaa, uso wake karibu kabisa na kioo.

“Kumbe mnamwona hivi kila siku.”

“Ndiyo, mama,” alisema mama.

“Na hamuumii?”

“Tunaumia. Ila tunamwona.”

 Bibi alinigeukia mimi, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa rahisi kuambiwa.

“Mimi nilizika watatu kabla ya kumpata baba yako.”

Baba aliinua kichwa. Yeye alijua wawili.

“Mama mkwe wangu aliniambia toa vyote, nikatoa vyote. Hata mbeleko niliyowabebea. Nikapona upesi, nikazaa hawa kina baba yako, nikamshukuru.” Aliweka kidole juu ya kioo, kwenye kile kishimo cha Masanja, na baba, ambaye siku zote alikataza kugusa kioo, akamwacha. “Wangu mmoja alikuwa na kidevu kama hiki. Mwandu. Yule wa kwanza.”

Kidole chake kilibaki pale. Akatazama, akafikiri, midomo ikahesabu.

“Hapana,” alisema. “Alikuwa wa pili.”

Tukangoja.

“Au yule wa mwisho,” alisema Bibi, na sauti yake ikapotea, na mama akaweka sahani chini, akavuta kiti, akakaa karibu naye.